Bei Mbili za Dola Ndizo Mazingira ya Biashara ya Burundi

Agosti 2025 ujenzi wa reli ulizinduliwa Musongati, kusini-mashariki mwa Burundi. Ni njia ya kilomita 282 inayotoka Uvinza mkoani Kigoma, na mkataba wake, uliosainiwa Januari mwaka huo, una thamani ya dola bilioni 2.15. Mwaka huohuo nchi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi mitano na komuni kutoka 119 hadi 42. Ongeza makongamano ya wawekezaji na ile dira inayotaka Burundi iwe nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060, uelewe kwa nini wachambuzi wengi wa kanda wanasema mlango wa biashara wa Burundi unafunguka. Nadhani wamekosea mahali pa kutazama. Mazingira ya biashara ya nchi hii yanaamuliwa na jambo moja kuliko mengine yote: dola ina bei mbili, na mwenye kuipata kwa bei ya chini huchaguliwa kwa uamuzi wa ofisi. Tofauti ya bei hizo inaliwa na wachache, inamtoza mkulima, inaikosesha forodha mapato, na inaifanya kila hatua nyingine ya kurahisisha biashara iwe ya karatasi tu. Ikibaki, hata reli haitaleta kile inachotarajiwa kuleta.

Wanaoamini kwamba dawa ni kupunguza urasimu wanasahau kwamba Burundi imekwisha kuinywa dawa hiyo, tena kwa vipimo vikubwa. Ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 pamoja na Rwanda. Mwaka 2009 ikaunda mamlaka ya mapato, OBR, na ikaanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kisha ukafunguliwa ule mlango mmoja wa kusajili kampuni, ambapo kazi iliyokuwa ya kuzunguka ofisi nyingi kwa wiki kadhaa ikawa ya siku moja. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya urahisi wa kufanya biashara, iliiweka Burundi kwenye orodha ya nchi zilizorekebisha zaidi katika toleo la 2012, halafu la 2013, halafu la 2014. Mara tatu mfululizo! Mwaka uliofuata ukaja mgogoro wa kisiasa wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na pato la taifa likashuka kwa karibu asilimia 4 mwaka 2015, likaendelea kushuka kidogo 2016. Katika toleo la mwisho la ripoti hiyo, lile la 2020, Burundi ilikuwa ya 166 kati ya nchi 190. Ripoti yenyewe ilifutwa Septemba 2021 baada ya kugundulika kwamba takwimu za nchi kadhaa zilichezewa, lakini kasoro yake kubwa kwa nchi kama Burundi ilikuwa nyingine. Katika vipengele vyake kumi vya kupima, hakuna kilichomuuliza mfanyabiashara atapata wapi fedha za kigeni za kulipia mzigo. Ungeweza kusajili kampuni asubuhi na kupata alama nzuri, huku kampuni hiyo ikikaa mwaka mzima bila kuagiza hata katoni moja.

Bei mbili hazikuanza kwa makusudi ya mtu mmoja. Kabla ya 2015 wafadhili walikuwa wanabeba karibu nusu ya bajeti ya serikali, na fedha hizo ziliingia kama dola na euro kupitia Benki Kuu, BRB. Baada ya mgogoro zikakatika, na Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukasimamisha rasmi msaada wa moja kwa moja kwa serikali. Pengo likazibwa na mikopo ya ndani, ikiwemo ya Benki Kuu yenyewe. Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa: faranga zinaongezeka, dola hazionekani, na bei ya dola inashikiliwa pale pale. Soko lenyewe likatafuta bei yake mitaani. Serikali ilijibu kwa amri, ikabana maduka ya kubadilishia fedha na Februari 2020 ikayafunga kabisa, kwa hoja kwamba ndiyo yanayopandisha bei. Bei haikushuka, ilihamia kwenye simu na vibarazani. Oktoba 2022 maduka yakaruhusiwa tena. Mei 2023 thamani ya faranga ikashushwa, dola ikapanda kwa karibu asilimia 38 kwa siku moja kutoka faranga 2,100 hivi, na Julai Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaidhinisha mpango wa miezi 38 wa dola milioni 271. Kwa muda mfupi pengo la bei hizo mbili lilipungua. Halafu likafunguka upya, kubwa kuliko awali: mwaka 2025 bei rasmi ilikuwa chini kidogo ya faranga 3,000 kwa dola, wakati mitaani dola moja ilikuwa imefika faranga 7,000.

Namba hizo zinakuwa na maana ukimfuata mwagizaji hatua kwa hatua. Tuseme anataka mabati ya dola 10,000. Anapata ankara ya awali kutoka kwa muuzaji wa nje, anaipeleka benki yake kufungua faili la uagizaji, na benki inaomba fedha za kigeni. Akiba ya nchi imekaa kwa muda mrefu chini ya miezi miwili ya uagizaji, wakati lengo ambalo nchi za Jumuiya zilijiwekea katika itifaki ya umoja wa sarafu ya 2013 ni miezi minne na nusu. Kwa hiyo kuna foleni, na foleni ina vipaumbele: mafuta, mbolea, dawa. Mabati hayamo. Ankara ina muda wake. Ukipita, muuzaji anabadili bei, na faili linaanza upya. Baada ya kusubiri mara mbili, mwagizaji anafanya kile ambacho kila mtu anafanya. Ananunua dola mitaani, kwa faranga milioni 70 badala ya milioni 29.5, na kumlipa muuzaji kupitia jamaa aliyeko Dar es Salaam au Dubai. Mzigo unashushwa bandarini Dar es Salaam, unasafiri zaidi ya kilomita 1,500 kwa lori kupitia vituo vya mpakani vya Kabanga na Kobero, unafika Bujumbura. Bei atakayouza imejengwa juu ya dola ya 7,000. Hakuna mnunuzi wa bati hata mmoja aliyeona faida ya ile bei rasmi.

Aliyeiona ni mwingine. Anayepewa dola kwa 2,950, kisha akaleta bidhaa inayouzwa kwa bei ya soko la 7,000, amepata faida ya zaidi ya faranga 4,000 kwa kila dola kabla hajafanya kazi yoyote ya biashara. Faida ya namna hiyo haihitaji ghala zuri, wala mhasibu hodari, wala kumjua mteja. Inahitaji kuijua ofisi. Ndiyo maana nasema pengo hili linaharibu mazingira ya biashara kwa kina kuliko urasimu wa kawaida: linabadilisha kile ambacho mfanyabiashara mwerevu anatumia muda wake kukifanya. Watu wenye akili ya kuzalisha wanageuka wataalamu wa kufuatilia mafaili. Na ofisa anayegawa dola, hata awe mwadilifu namna gani, amewekwa kwenye kiti ambacho kila saini yake ina thamani ya mamilioni.

Sasa twende forodhani, mahali ambapo hasara haizungumzwi sana. Thamani ya mzigo hubadilishwa kuwa faranga kwa kiwango cha Benki Kuu. Mabati yetu ya dola 10,000, tukihesabu kwamba nauli na bima zimo, yanaandikwa kuwa na thamani ya milioni 29.5 ingawa mwenyewe ameyalipia milioni 70. Tuseme ushuru ni asilimia 25: forodha inapata milioni 7.4 hivi, ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya jumla, milioni 6.6, serikali imekusanya milioni 14. Kwa bei halisi ya dola ingekusanya ushuru wa milioni 17.5 na kodi ya milioni 15.75, yaani zaidi ya milioni 33. Milioni 19 zimeyeyuka kwenye mzigo mmoja mdogo. Kisha serikali hiyohiyo, ikiwa na upungufu, inakopa Benki Kuu, faranga zinaongezeka, dola ya mtaani inapanda, na mapato ya forodha kwa thamani halisi yanashuka tena. Duara hili linajiendesha lenyewe. OBR inaweza kununua kompyuta mpya na kuongeza wakaguzi Kobero. Inachokusanya kitaendelea kunyauka kwa sababu kipimo chenyewe kimepinda.

Upande wa Mrundi anayeuza bidhaa nje ni mbaya zaidi. Kanuni zinamtaka arudishe fedha za mauzo nchini, na sehemu yake iuzwe kwa bei rasmi. Tuseme ni nusu, na ameuza kahawa ya dola 10,000. Dola 5,000 zinampa milioni 14.75 ambapo soko lingempa milioni 35. Amepoteza milioni 20 na ushei kwenye mauzo ya milioni 70, yaani asilimia 29. Hiyo ni kodi ya mauzo ya nje ambayo hakuna bunge lililoipitisha, na inatozwa juu ya mauzo yote, si juu ya faida. Haiishii kwa kampuni. Bei ya kahawa mbichi kwa kilo hutangazwa na serikali kila msimu, na bei hiyo hupangwa kwa kuangalia kile kinachobaki baada ya ubadilishaji. Kwa hiyo mzigo unashuka hadi kwenye kaya mamia kwa maelfu zinazoishi kwa kahawa milimani Kayanza na Ngozi. Mkulima aliye karibu na mpaka ana hesabu yake: gunia likivuka usiku, linalipwa kwa sarafu yenye bei moja. Askari wa mpakani anaweza kupunguza magunia, lakini hawezi kushindana na tofauti ya zaidi ya mara mbili. Dhahabu, ambayo ndiyo ilikuwa mauzo makubwa kuliko kahawa na chai, ni nyepesi zaidi kubeba. Na mikataba ya madini, ikiwemo ule wa madini adimu ya Gakara, ilisimamishwa 2021 kwa hoja kwamba nchi haipati haki yake. Hoja ilikuwa na mantiki. Matokeo yake yalikuwa kufunga bomba la dola wakati kisima kinakauka.

Diaspora nao wamesoma namba. Mtu aliyeko Brussels anayetaka kumtumia mama yake euro 200 hatazipitisha benki akapewe faranga kwa bei rasmi. Anampa mtu wa hukohuko Brussels, na mwenzake wa Bujumbura anampelekea mama faranga kwa bei ya mtaa. Euro zenyewe hazikuingia Burundi kabisa. Zimebaki nje kumlipia mwagizaji mwingine. Na chanzo kimoja kilichokuwa hakiwezi kukwepa njia rasmi kimekatika: posho za wanajeshi wa Burundi waliokuwa Somalia, ambao hawakuingizwa katika kikosi kipya cha Umoja wa Afrika kilipoanza mwaka 2025.

Kuna swali la kama huu uitwe mdororo. Takwimu rasmi hazionyeshi pato la taifa kushuka. Zinaonyesha ukuaji wa kati ya asilimia 2 na 4 katika miaka ya karibuni. Lakini idadi ya watu nayo inaongezeka kwa kiasi kinachozidi asilimia 2 kwa mwaka, kwa hiyo kinachomfikia mtu mmoja ni kidogo sana au hakuna. Mfumuko wa bei ulifika wastani wa asilimia 27 mwaka 2023. Na anayegawanya pato la faranga kwa bei rasmi ya dola anapata nchi tajiri maradufu kuliko anayegawanya kwa bei ya mtaa. Mimi natumia neno mdororo bila woga, kwa sababu magari yaliyolala foleni siku tatu kwenye kituo cha mafuta hayahitaji takwimu za pato kushuka kwa robo mbili za mwaka mfululizo ili yathibitishwe.

Mafuta ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Bei ya pampu ilikuwa takriban faranga 4,000 kwa lita. Kwa dola ya 7,000 hizo ni senti 57 za Marekani. Hakuna anayeweza kununua lita, kuisafirisha kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bujumbura na kulipa kodi kwa senti 57. Kwa hiyo lita ya bei hiyo inawezekana tu pale Benki Kuu inapotoa dola kwa bei rasmi, na kwa kuwa dola hazitoshi, lita hazitoshi. Serikali imebadilisha mwagizaji zaidi ya mara moja: kazi ikapelekwa kwa shirika la maji na umeme, REGIDESO, kisha ikaundwa kampuni ya serikali ya mafuta, SOPEBU. Kubadilisha jina la mwagizaji hakujaongeza dola hata moja. Matokeo yakawa kwamba mwenye teksi alivuka Gatumba kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na madumu yake, akalipa bei ya soko la huko, na akarudi kupandisha nauli.

Zipo hoja za upande wa pili, na si zote dhaifu. Ile yenye uzito zaidi inasema kwamba shida ya Burundi ni ya kimaumbile: haina bahari, inaagiza bidhaa zenye thamani mara kadhaa ya zile inazouza nje, na hakuna bei ya dola, hata ingekuwa 10,000, itakayofanya kahawa na chai zilipie mafuta, dawa, mbolea na mashine. Ni kweli kwamba kahawa haiongezeki kwa mwezi mmoja. Mti mpya unachukua miaka mitatu au minne kuzaa. Lakini hoja hii inathibitisha kwamba dola zitaendelea kuwa haba, haithibitishi kwamba njia bora ya kugawa kilicho haba ni saini ya ofisa kwa nusu bei. Isitoshe, sehemu ya uhaba tunaouona imetengenezwa na bei zenyewe: kahawa inayovuka mpaka, dhahabu isiyoandikwa, euro zinazobaki Brussels. Hizo ni fedha za Burundi ambazo tayari zipo, na hazihitaji kusubiri mti ukue.

Hoja ya pili inatoka kwa wale wanaosema kushusha thamani kulijaribiwa Mei 2023 na kukashindwa. Wanataja pia Malawi, iliyoshusha kwacha kwa asilimia 44 Novemba 2023, ikapata mpango wa IMF wa dola milioni 175, na bado pengo la mtaani likarudi hadi mpango wenyewe ukakatika Mei 2025. Mifano ni sahihi. Somo linalotolewa ndilo lisilo sahihi. Nchi zote mbili zilishusha bei, kisha zikaishikilia tena mahali papya, huku serikali ikiendelea kugharamiwa na uchapishaji wa fedha na akiba ikiwa karibu tupu. Hiyo ni sawa na kuhamisha ukuta mita mbili wakati mafuriko bado yanapanda. Ethiopia ilifanya tofauti Julai 2024: iliiachia birr itafute bei, ikatoka karibu 57 kwa dola hadi zaidi ya 100 katika wiki chache, lakini nyuma yake kulikuwa na dola bilioni 3.4 za IMF na ahadi za wengine zilizofikisha kifurushi chote bilioni 10.7, pamoja na kikomo cha serikali kukopa Benki Kuu. Maisha yamepanda Ethiopia na maumivu ni ya kweli. Lakini benki zao sasa zina dola za kuuza.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba bei rasmi inamlinda mwananchi wa kawaida. Ingekuwa hivyo, bei za sokoni zingefuata dola ya 2,950. Hazifuati. Mafuta ya kula, sabuni, bati, vipuri vya pikipiki, vyote vimepangwa bei kwa dola ya mtaani kwa sababu huko ndiko zilikonunuliwa dola zake. Petroli ya bei nafuu ingekuwa kinga kama ingepatikana. Asiye na gari wala jamaa kituoni anainunua kwa chupa, kwa bei ya magendo. Kinachobaki cha kumlinda maskini ni dawa na mbolea, na hapo nakubali kuna jambo la kweli. Lakini mbolea ya ruzuku inaweza kugharamiwa waziwazi katika bajeti, kwa fedha ambazo forodha inazipoteza leo, badala ya kufichwa ndani ya bei ya dola ambayo pia inamnufaisha mwenye kuleta magari.

Nina shaka pia na wale wanaotaka bei ziunganishwe kesho asubuhi. Serikali ikifanya hivyo bila kusimamisha kwanza mikopo ya Benki Kuu, itakuwa imerudia Mei 2023. Mpangilio una maana kuliko ujasiri. Mlango wa kwanza wa kufunga ni ule wa hazina kwenda BRB, kwa kikomo kinachotangazwa na kuchapishwa kila mwezi, ili kila mtu aone kama kinaheshimiwa. Sambamba na hilo, Warundi wanaouza bidhaa nje waachiwe mapato yao yote, wauze dola zao kwa benki yoyote kwa bei wanayokubaliana. Hatua hii haigharimu akiba sana, kwa kuwa nyingi ya dola hizo leo haziji. Kisha kampuni binafsi ziruhusiwe kuleta mafuta kwa dola zao na kuuza kwa bei inayolipa, huku mafuta ya mabasi ya abiria na hospitali yakitengwa kwa mgao ulioandikwa. Lita itauzwa kwa bei ghali kuliko ya pampu ya sasa, lakini nafuu kuliko ile ya chupa.

Kiwango cha forodha ndicho kinachohitaji mkono mwepesi. Ukikipandisha mara moja hadi bei ya soko, mabati yetu yaliyogharimu milioni 84 pamoja na kodi yanakuwa milioni 103, na bei inaruka kwa zaidi ya asilimia 20 juu ya mfumuko uliopo. Inafaa kupanda kwa hatua, tuseme kila robo mwaka, huku viwango vya kodi vikishuka upande wa pili. Burundi haiwezi kubadilisha peke yake ushuru wa pamoja wa Jumuiya, lakini kila mwaka kabla ya Julai nchi wanachama huomba ruhusa ya kutumia kiwango tofauti kwa bidhaa fulani, na ruhusa hizo huchapishwa katika gazeti la Jumuiya. Kodi ya ongezeko la thamani iko mikononi mwake. Inawezekana kukusanya zaidi kwa viwango vya chini, kwa sababu msingi wenyewe umepanuka, na sehemu ya ziada ikaenda kwenye mpango wa Merankabandi ambao tayari unazifikia kaya maskini kwa fedha taslimu. Mfumo wa kulipa upo, haihitajiki kubuni mwingine.

Mwisho wa safu hiyo ndipo Benki Kuu itangaze bei moja, na itangaze ikiwa na kitu mkononi. Hapa ndipo IMF na wafadhili wana lawama yao. Umoja wa Ulaya uliondoa vikwazo vyake Februari 2022, lakini misaada ya bajeti haikurudi kwa kiwango cha zamani, na mpango wa dola milioni 271 ulikuwa mdogo kwa nchi inayotakiwa kuachia sarafu ambayo imeshikiliwa kwa miaka mingi. Kuitaka Burundi ifanye ilichofanya Ethiopia kwa sehemu ndogo kama hiyo ya fedha ni kuitaka iruke mto kwa kamba fupi. Kwa upande mwingine, hakuna mfadhili atakayeweka bilioni mezani wakati haijulikani nani alipewa dola za bei rasmi mwezi uliopita na kwa bidhaa gani. Kuchapisha orodha hiyo, jina la kampuni, kiasi na namba ya faili la uagizaji, ni jambo ambalo BRB inaweza kulifanya wiki hii bila kuomba ruhusa Washington. Mpaka wa Rwanda, uliofungwa Januari 2024, ni suala la siasa na usalama ambalo siwezi kulipanga ndani ya ratiba hii, ingawa kila mfanyabiashara wa Kayanza analiweka juu kabisa.

Turudi Musongati. Nikeli ya pale ndiyo sababu ya reli kuishia hapo badala ya mahali pengine, na deni la reli litalipwa kwa dola. Kampuni itakayochimba itauliza swali moja kabla ya kuuliza kuhusu usajili, umeme au hata siasa: mapato ya nikeli yatabadilishwa kwa bei ipi, na sehemu gani italazimishwa kuuzwa? Ikijibiwa kwa kanuni za sasa, itadai msamaha wa kipekee, akaunti nje ya nchi na mkataba wake mwenyewe, na itaupata, kwa sababu bila huo haitakuja. Hapo Burundi itakuwa na bei ya tatu ya dola, ya mgodi mmoja, wakati muuza kahawa wa Ngozi bado anauza sehemu ya dola zake kwa faranga 2,950.